Chombo cha Neptuni na kosa la ukurasa wa kumi na moja

Jumamosi alasiri, Oktoba 1990. Hapa Kwa Vonza, wilaya ya Kitui.

Joto. Mvua bado haijakaribia upande huu, na mabati ya nyumba za walimu yanalia kila jua likisogea. Nimefunga mlango ingawa ndani hakuna hewa, kwa sababu sitaki mtu apite aniulize habari. Habari si nzuri. Nina hasira, nimekuwa nayo tangu Jumanne, na leo ndiyo siku ya kwanza nimeweza kukaa chini na daftari hili.

Niandike yote kama yalivyofuatana, kabla sijaanza kujidanganya.

Jumanne kulikuwa na semina ya walimu wa sayansi wa wilaya, Kitui mjini. Kila shule ilitakiwa kuleta kazi moja. Mwalimu mmoja alileta jiko la kupunguza kuni. Mwingine alileta chujio la maji la mchanga na makaa, kazi safi sana, sina neno baya juu yake. Mimi nilileta pendekezo la kurasa kumi na tisa: chombo cha angani chenye nguvu za nyuklia, kiende mpaka sayari ya Neptuni, na kikifika kisipite. Kikae.

Hilo neno "kikae" ndilo lililoanzisha yote. Mwaka jana mwezi wa nane redio ilisema chombo cha Wamarekani kimeifikia Neptuni baada ya kusafiri miaka kumi na miwili. Kikapiga picha, kikapita, kikaenda zake. Nilikasirika hata siku hiyo. Utembee miaka kumi na miwili, ufike mlangoni, halafu usingoje hata kukaribishwa? Nikasema mtu aandike mpango wa chombo kitakachoizunguka ile sayari kwa miaka, kiangalie pepo zake, kiangalie ule mwezi wake mkubwa unaozunguka kinyume na wenzake. Nikangoja mtu aandike. Halafu nikaona kwamba na mimi ni mtu.

Nimefanya kazi hiyo miezi minane. Vitabu niliazima kwa masista wa misheni, wakaniagizia vingine. Hesabu nilifanya kwa kijitabu cha logi, kile kile wanafunzi wanachotumia, mpaka kurasa zake zikaanza kuachana. Aliyenipigia taipu ni Mama Njoki, karani wa shule. Huyu ni mama wa Murang'a ambaye mume wake ana duka Makindu, na ni yeye aliyekuja kuniuliza kila neno asilolijua, akaliandika sawa. Mwalimu Mkuu wa shule yetu ya wasichana, Bwana Nzioka, alinipa karatasi za shule bila kuuliza maswali. Namshukuru kwa hilo. Ndiyo maana alilonifanyia baadaye linauma.

Basi Jumanne nilisimama, mimi mwanamke, mbele ya ukumbi uliojaa walimu, karibu wote wanaume. Nilikuwa nimejiandaa kueleza kwa nini nyuklia, kwa sababu nilijua hilo neno litawashtua. Nikawaambia baba yangu alikuwa fundi wa injini za moshi pale stesheni ya Makindu. Injini ya moshi haiombi mtu moto njiani, inabeba moto wake yenyewe. Chombo kinachokwenda karibu na jua kinaweza kutumia mwanga wa jua. Lakini Neptuni iko mbali mara thelathini kuliko sisi, na mwanga unaofika huko umepungua mara mia tisa. Ni lazima chombo kibebe moto wake. Plutoniamu hutoa joto yenyewe, bila kuwashwa na bila kulipuka, na joto hilo hugeuzwa kuwa umeme wa kuendesha kamera na redio.

Hapo kwenye plutoniamu ndipo mkaguzi wa shule aliponikata. Ni mtu mnene mwenye sauti ya mahubiri. Alinionya kwanza kwamba maneno ya nyuklia si ya kutamka ovyo wakati kama huu wa wasiwasi nchini. Kisha akaegemea kiti.

"Mwalimu, wasichana wako wanafukua mchanga mtoni kutafuta maji. Wewe unataka kwenda Neptuni?"

Ukumbi ulicheka. Si watu wawili watatu. Ukumbi.

Kana kwamba mimi sijui maji yanachotwa wapi. Mimi naamka na hao wasichana. Naona mikono yao wakishika kalamu asubuhi, mchanga ukiwa bado chini ya kucha. Hakuna mtu Kitui hii aliyenyimwa maji kwa sababu mwalimu wa fizikia alifikiria Neptuni. Walionyimwa maji wamenyimwa na watu wasiofikiria kitu chochote. Hayo ndiyo niliyotaka kumwambia. Nilichosema ni, "Ndiyo, Bwana," kisha nikafungua ukurasa uliofuata.

Nilimaliza. Sikumbuki nilimalizaje.

Mtu mmoja hakucheka. Alikuwa mhadhiri wa fizikia aliyealikwa kutoka Nairobi, mzee mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi upande mmoja. Aliniuliza maswali matatu. Chombo kitapunguzaje mwendo kikifika, maana huko hakuna mahali pa kukanyaga breki? Nikamjibu. Ujumbe wa redio utachukua muda gani kufika duniani? Saa nne na zaidi kidogo, nikamjibu. La tatu, nguvu za umeme nimezipataje? Nikamwambia zipo ukurasa wa kumi na moja. Akaandika kitu kwenye daftari lake na kuketi.

Kisha chai. Hii ndiyo sehemu ninayotaka kuiandika bila kupunguza.

Mhadhiri alikuja pale tuliposimama mimi na Bwana Nzioka na vikombe mkononi. Alisema mwezi ujao kuna mkutano wa wanasayansi Nairobi, watakuwepo wageni wa nchi za nje, na baadhi yao husaidia shule kupata vifaa vya maabara. Angependa kazi hii isomwe huko. Ilikuwa kazi nzuri kuliko alivyotegemea, alisema, na hapo akamgeukia Bwana Nzioka, si mimi, akamuuliza imeandikwaje.

Bwana Nzioka akatabasamu. Akasema, "Tumeiandika pamoja. Mimi nikiongoza, huyu kijana akinisaidia hesabu."

Nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwake. Kikombe changu kilikuwa kimejaa. Ningeweza kusema, bila kupaza sauti, kwamba hiyo si kweli.

Nilikunywa chai.

Nimejiuliza siku nne kwa nini nilikunywa chai. Woga, ndiyo. Lakini pia nilikuwa nimechoka kuchekwa, na mtu alikuwa ameiita kazi yangu nzuri, na nikaogopa kwamba nikifungua mdomo hiyo "nzuri" itaondoka. Nikamwachia mtu mwingine aibebe ili isianguke. Hilo ndilo linalonikera zaidi ya kicheko cha mkaguzi. Mkaguzi alinicheka mara moja tu. Mimi niliendelea kumeza.

Jumatano asubuhi Mama Njoki aliniita nyuma ya ofisi. Alikuwa na karatasi mbili. Moja ilikuwa jalada la kwanza, alilolipiga taipu mwezi wa tisa, lenye jina langu. Ya pili ilikuwa mpya, wino haujakauka vizuri. Jina la Bwana Nzioka lilikuwa katikati, herufi kubwa. Jina langu halikuwepo. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, kulikuwa na shukrani kwa "walimu wa idara ya sayansi."

Idara ya sayansi ni mimi na mwalimu wa kilimo.

Mama Njoki alianza kulia. Alisema ameambiwa alipige upya na hakuwa na la kufanya, ana watoto shuleni, na kazi ya taipu Kwa Vonza ni hii moja tu. Nikamwambia simlaumu. Nilikuwa namlaumu kidogo. Nimeshaacha.

Nilienda kwa Bwana Nzioka. Kabla sijaeleza nilichofanya, niseme yeye ni nani, maana nikimwandika kama mwizi tu nitakuwa ninadanganya. Alianzisha shule hii na wazazi kwa mawe na maji ya kubebwa na punda. Ni mzee wa kanisa. Anajua jina la kila msichana, na jina la mama yake. Alisomea historia, na fizikia hakuifundisha hata siku moja. Amebakisha miaka mitatu astaafu, na shule yake haina maabara. Wasichana wangu husoma juu ya kemikali ambazo hawajawahi kuzinusa.

Alinikaribisha nikae. Aliniita mwiitu wakwa, binti yangu, kama anavyotuita walimu wadogo akitaka jambo. Alieleza kwa upole. Mkutano ni wa watu wakubwa. Akisimama msichana wa miaka ishirini na sita mwenye cheti tu cha ualimu, watafanya kama walivyofanya Kitui. Akisimama Mwalimu Mkuu mwenye mvi, watasikiliza. Wageni wataona shule, watatoa maabara, na wanaofaidika ni wasichana. Je, nataka jina au nataka maabara?

Alilipanga vizuri. Hapo ndipo alipo hodari, kupanga swali ili majibu yote yawe yake.

Niliondoka bila kuaga, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mtu wa umri wake. Nikaenda kufundisha Kidato cha Kwanza habari za nguvu za sumaku, na nikawakemea bila sababu. Wanisamehe.

Nilijua nimenaswa kwa sababu hakuna ushahidi. Rasimu zangu za mkono nilizitumia kuwashia moto wa jikoni moja moja, kila ukurasa ulipokwisha kupigwa taipu, kwa kuwa upande wa pili wa karatasi ulikuwa umejaa mitihani ya zamani na sikuona faida ya kuzitunza. Nina akili ya kupeleka chombo Neptuni, na sina akili ya kutunza karatasi. Mama Njoki hawezi kusema, na jalada lenye jina langu lingeweza kupigwa taipu siku yoyote. Masista watasema niliazima vitabu, lakini kuazima vitabu si kuandika. Lingebaki neno langu na lake, na nimeona Jumanne neno langu lina uzito gani.

Sasa nifike Alhamisi.

Kipindi cha tatu nilikuwa na Kidato cha Nne. Wanafanya mtihani wa taifa mwezi ujao na tulikuwa tunapitia mnururisho. Nilichora ubaoni ule mstari unaoshuka, unaoonyesha jinsi kitu kinachotoa mnururisho kinavyopungua. Kila baada ya muda fulani, nusu-uhai wake, kinabaki nusu. Niliwaambia, kama nilivyowaambia mara nyingi, kwamba kupungua hakungoji muda huo ufike, kunaanza siku ile ile ya kwanza. Plutoniamu ya kwenye vyombo vya angani huchukua karibu miaka themanini na minane kubaki nusu, nikasema, lakini hata mwaka wa kwanza ishaanza kupoa.

Chaki ilisimama ubaoni.

Ukurasa wa kumi na moja.

Nilikuwa nimehesabu umeme wa siku ya kuondoka duniani, nikautumia huo huo siku ya kufika. Safari yangu ni miaka kumi na minne. Kwa miaka hiyo moto nilioubeba ungekuwa umepungua karibu sehemu moja ya kumi, na zile nyaya zinazogeuza joto kuwa umeme nazo huchoka. Nilikuwa nimegawa umeme wote, kila wati, bila akiba: huu wa kamera, huu wa redio, huu wa kuzuia mitambo isigande. Chombo changu kingesafiri miaka kumi na minne, kifike Neptuni, kifungue macho, kisiwe na nguvu ya kusema kilichokiona. Kingefika kikiwa bubu.

Niliwaambia wasichana wasome ukurasa uliofuata. Nikasimama dirishani, mgongo ukiwa kwao.

Na sasa ungamo. Kitu cha kwanza nilichosikia moyoni si aibu. Ilikuwa furaha. Nilimwona Bwana Nzioka amesimama Nairobi mbele ya wageni, suti yake ya kahawia, jina lake kwa herufi kubwa, na yule mhadhiri wa miwani ya uzi akiuliza kwa upole, "Mwalimu, na ukurasa wa kumi na moja?" Nilimwona akifungua, akisoma, asielewe hata swali ni nini. Nilifurahi mpaka nikatabasamu kwenye kioo cha dirisha.

Jana, Ijumaa, aliniita ofisini. Alikuwa na kazi yangu mezani na kalamu nyekundu. Alitaka nimweleze nusu-uhai ni nini, maana alikuwa amelisoma neno hilo mara tano na haliingii. Nilimweleza. Akaniuliza kama maana yake ni kwamba chombo kitakufa kikiwa nusu ya njia. Nikasema hapana. Akaandika "hapana" pembeni. Kisha akaniomba nimwandikie maelezo rahisi ya kila sehemu, na majibu ya maswali wanayoweza kuuliza, ayasome mpaka ayajue kwa kichwa.

Nikaketi kwenye chumba cha walimu nikaandika. Niliandika vizuri sana, kurasa tano, kwa mwandiko wangu bora. Nilieleza kila kitu. Nilipofika kwenye umeme niliandika kwamba hesabu ya ukurasa wa kumi na moja imehakikishwa, na kwamba akiulizwa aseme hivyo bila wasiwasi.

Nilimpelekea. Alinishukuru. Alisema Mungu anibariki.

Nilirudi nyumbani na muthokoi wa mchana, mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe, ukiwa mezani, na sikuweza kula. Nilikuwa nimemwandalia mzee shimo kwa mwandiko mzuri, yeye akanibariki. Niliendelea kumkasirikia, na anastahili. Lakini kulikuwa na jambo lingine lililonisumbua kuliko yeye. Chombo. Ningewaacha watu walio na uwezo wa kuelewa, pengine mara moja tu maishani mwangu, waione kazi yangu ikiwa na tundu hilo, na nikae Kwa Vonza nikicheka. Na wangeitupa. Si Bwana Nzioka ambaye wangemtupa. Yeye angerudi kwenye shule yake na kanisa lake. Wangeitupa Neptuni.

Hapo ndipo nilipoona kile ambacho hasira ilikuwa imenificha siku mbili. Nimekuwa nikitafuta ushahidi kwamba kazi ni yangu. Ushahidi ni kosa lenyewe. Mtu aliyeinakili hawezi kujua pale ilipoharibika. Anayejua ni aliyeiharibu.

Leo asubuhi nimemwandikia mhadhiri barua. Nimeiandika mara tatu. Ya kwanza ilikuwa matusi, ya pili malalamiko. Ya tatu ni fupi: kwamba mimi, Syombua, mwalimu wa fizikia, ndiye niliyeandika pendekezo lile peke yangu, kurasa zote kumi na tisa. Kwamba kwenye ukurasa wa kumi na moja nimekosea, na kosa ni hili. Hesabu sahihi ni hii, kurasa mbili. Kwamba kwa sababu hiyo chombo kinahitaji plutoniamu zaidi, au kizime kamera redio ikisema, na mimi napendekeza kizime kamera, kwa kuwa uzito ukiongezeka breki ya kule mwisho nayo itakuwa ngumu. Na kwamba niko tayari kuulizwa swali lolote, na yeyote, mahali popote.

Ningeweza kwenda posta moja kwa moja. Sikuenda. Kwa sababu ya yale maelezo ya jana nilijiona nina deni la kumwonyesha uso wangu.

Nilimkuta Bwana Nzioka nyumbani kwake, amekaa kivulini pembeni ya tangi la maji, kurasa zangu tano mapajani. Alikuwa anazikariri. Midomo ilikuwa inatembea. Mke wake aliniletea kiti na chai, akarudi ndani.

Nikampa barua. Aliisoma pole pole, akaigeuza, akaisoma tena. Nilitegemea angepiga kelele.

"Hili kosa ni la kweli?" akauliza.

"Ni la kweli, Mwalimu."

"Mimi ningelijua?"

"Hapana."

Aliziangalia zile kurasa mapajani. Aliipata ile sehemu ya umeme, akaifuata kwa kidole mpaka kwenye neno "imehakikishwa." Kidole kikabaki pale.

"Umelijua lini?"

"Alhamisi."

"Na hii umeandika Ijumaa."

Nikasema ndiyo.

"Ulitaka nianguke."

"Ndiyo, Mwalimu. Nilitaka."

Nilimwona akizeeka pale kitini, na nilimwona pia akikasirika, na hasira yake ilikuwa ya haki kama yangu, hilo nalikubali. Alisema amelala na shule hii kichwani miaka kumi na saba, na kwamba mimi nimekuja juzi. Alisema barua hii itamfanya aonekane mwizi mbele ya watu. Nikamwambia barua haisemi hivyo, inasema tu nani aliandika. Akasema ni kitu kile kile. Hapo hatukubishana, kwa kuwa ni kitu kile kile.

Kisha akauliza kuhusu maabara. Aliuliza kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa. Nikamwambia mhadhiri anaweza kunialika nikaisome mwenyewe, na nikialikwa nitasema nimetoka shule gani, na nitasema wasichana wangu hawajawahi kushika hata chupa ya kupimia.

"Na wakiitupa? Na hilo kosa lako?"

"Wataitupa ikiwa yangu."

Alinirudishia barua. Hakuirarua, ingawa ingekuwa rahisi, na nimeliweka hilo upande wake. Lakini hakunipa baraka pia. Aliniambia ripoti za walimu zinakwenda wilayani mwisho wa mwezi, na kwamba ataandika anachokiona. Halafu akaniomba zile kurasa tano nizichukue. Hakuzitaka ndani ya nyumba yake.

Nimezichukua. Ziko hapa mezani. Nikiziangalia nasikia uso ukiwaka.

Posta ya Kwa Vonza hufunga saa sita Jumamosi. Nilifika ikiwa imebaki robo saa, nikiwa na vumbi mpaka magotini. Karani alipima bahasha, akagonga mhuri, akaitupa kwenye gunia la Kitui bila kuiangalia. Nilisimama pale mpaka akaniuliza kama kuna kingine.

Nilidhani ningetoka pale nikiwa mwepesi. Sikutoka mwepesi. Bado nina hasira na mkaguzi na kicheko chake. Nina hasira na ukumbi. Nina hasira na mzee ambaye ningempa nusu ya jina kwa hiari kama angeniomba, akaona ni rahisi kuchukua lote. Na ninajikasirikia kwa kikombe cha Jumanne, na kwa ule mwandiko wangu mzuri wa Ijumaa.

Lakini hesabu sasa ni sahihi. Nimeirudia leo mara mbili tangu nirudi, kuanzia mwanzo, moto ukipungua kila mwaka kama unavyopaswa. Kamera inazimwa, redio inasema, kisha redio inazimwa, kamera inaangalia. Kinafika. Kinakaa. Kinazungumza.

Sijui kama nitajibiwa. Sijui kama mwisho wa mwezi nitakuwa bado na kazi. Mtu akiniuliza ni nani aliyekosea ukurasa wa kumi na moja, nitasimama, na safari hii sitakuwa na kikombe mkononi.

Jumatatu kipindi cha kwanza nina Kidato cha Pili. Nitaingia darasani.